Kuhamia Australia kwa ujuzi bila kuwa na mwajiri: mwongozo kwa aliye Gisenyi na jamaa zake

Kwa wakaazi wa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, kuvuka mpaka kutafuta riziki ni jambo la kila siku. Goma, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iko mwendo wa miguu tu, na kwa miaka mingi makumi ya maelfu ya watu wamepita kwenye vivuko vya Petite Barrière na Grande Barrière asubuhi na kurudi jioni. Lakini kwa mhandisi, muuguzi, mwalimu au mhasibu anayeyatazama maisha ya mbali zaidi, swali ni zito: je, anaweza kuhamia Australia akiwa na ujuzi wake peke yake, bila mwajiri anayemsubiri?

Sheria ya Australia inaruhusu. Hata hivyo, kutokuwa na mwajiri hakuondoi mzigo wa kupata kazi. Mzigo huo hubaki mabegani mwa mwombaji mwenyewe: ndiye anayelipa ada, ndiye anayethibitisha ujuzi wake kwa hati, na ndiye atakayetafuta ajira baada ya kushuka kwenye ndege.

Mambo muhimu

• Viza namba 189, 190 na 491 hazidai mwajiri, bali hutolewa kwa mfumo wa alama na kwa mwaliko.
• Alama 65 ndicho kiwango cha chini cha kuingia kwenye orodha. Hazimhakikishii mtu mwaliko.
• Jamaa wa karibu anayeishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane anaweza kumdhamini mwombaji wa viza 491.
• Hakuna wakala anayeweza kuuza mwaliko wala kuahidi viza.

Njia zinazochanganywa

Wasikilizaji wengi wenye asili ya eneo la Maziwa Makuu walifika Australia kupitia mpango wa kibinadamu. Kwa sababu hiyo, ndugu aliye Rubavu anapoomba ushauri, mara nyingi hupewa uzoefu wa njia hiyo: kujisajili kama mkimbizi, kusubiri usaili, kupelekwa hospitali kupimwa, kisha kusafirishwa. Njia ya ujuzi ina mantiki nyingine kabisa. Haiulizi mtu amekimbia nini. Inauliza ana umri gani, amesomea nini, amefanya kazi gani, kwa muda gani, na nani anaweza kulithibitisha hilo.

Ipo pia njia ya tatu, ile ya mwajiri. Viza namba 482, ambayo tangu Desemba 2024 inaitwa viza ya ujuzi unaohitajika, humtaka mwombaji awe na kampuni iliyoidhinishwa kumwajiri. Hata mpango wa majaribio ulioanza mwaka 2021 kwa ajili ya wakimbizi wenye ujuzi ulitegemea mwajiri. Anayesema "sina kazi niliyoahidiwa" hana budi kutazama viza za alama.

Kuna tahadhari moja hapa. Mtu aliyekimbia Goma baada ya mji huo kutwaliwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025, na ambaye anahitaji ulinzi, asiache utaratibu wa ukimbizi kwa matumaini ya viza ya ujuzi. Viza ya ujuzi huchukua muda mrefu, hugharimu pesa nyingi na hudai hati ambazo mkimbizi huenda hana.

Viza tatu zisizodai mwajiri

Viza namba 189 ni ya mfanyakazi huru mwenye ujuzi. Humpa mwenyewe na familia yake ukaazi wa kudumu tangu siku ya kutolewa, na anaweza kuishi popote nchini. Katika mwaka wa fedha wa 2024-25, serikali ilitenga nafasi 16,900 za kundi hili kwa dunia nzima, na nafasi hizo huhesabu pia wenzi na watoto wa waombaji.

Viza namba 190 nayo ni ya kudumu, lakini mwombaji huhitaji kuteuliwa na serikali ya jimbo au eneo. Kila jimbo lina masharti yake, na baadhi hupendelea watu ambao tayari wanaishi na kufanya kazi humo.

Viza namba 491 ni ya muda wa miaka mitano, na mwenye nayo hutakiwa kuishi na kufanya kazi katika maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mikoani. Hudai uteuzi wa jimbo au udhamini wa jamaa. Baada ya miaka mitatu, aliyetimiza masharti ya makazi na kuwasilisha hati za kodi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kupitia viza namba 191.

Kwa zote tatu, mwombaji awe hajafikisha umri wa miaka 45 siku anapopokea mwaliko, kazi yake iwe kwenye orodha ya kazi zinazotakiwa kwa viza husika, awe na tathmini ya ujuzi iliyofaulu, na awe na Kiingereza cha kiwango kinachokubalika. Katika mtihani wa IELTS, kiwango hicho ni alama 6 katika kila moja ya sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza.

Jinsi alama zinavyohesabiwa

Chukua mfano wa mhandisi wa umeme mwenye umri wa miaka 31, ambaye amefanya kazi kwenye mitambo inayozalisha umeme kwa gesi ya methani ya Ziwa Kivu. Hajaoa, ana shahada ya kwanza, na baada ya kuhitimu amefanya kazi ya fani yake kwa miaka mitano.

Umri wake, kati ya miaka 25 na 32, humpa alama 30, kiwango cha juu kabisa cha umri. Shahada humpa 15. Uzoefu wa miaka mitano hadi saba nje ya Australia humpa 10. Kwa kuwa hana mwenzi, hupewa 10 nyingine. Akiwa na alama 6 tu za IELTS hapati chochote cha ziada, na jumla yake ni 65 kamili.

Mfano huu unaonyesha mahali ambapo juhudi huleta faida. Mhandisi huyo huyo akipata alama 7 katika kila sehemu ya IELTS, huongezewa 10 na kufika 75. Akipata 8 katika kila sehemu, huongezewa 20 na kufika 85. Hakuna njia nyingine ya kupata alama 20 kwa miezi michache ya kusoma. Shahada ya uzamivu, ambayo huchukua miaka mingi, ingemwongezea alama 5 tu juu ya zile za shahada ya kwanza.

Lakini muda unamkimbia. Akifikisha miaka 33, alama zake za umri hushuka kutoka 30 hadi 25. Akifikisha 40 hushuka hadi 15. Kwa walio kwenye ndoa, mwenzi anayejua Kiingereza cha kiwango kinachokubalika huleta alama 5. Mwenzi ambaye pia ana fani inayotakiwa na tathmini ya ujuzi iliyofaulu huleta 10. Mtihani wa lugha za jamii unaosimamiwa na NAATI nao huongeza 5, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Alama zikishahesabiwa, mwombaji hujaza tamko la nia kwenye mfumo wa mtandaoni wa SkillSelect, ambao umekuwepo tangu mwaka 2012. Tamko hilo halilipiwi na hudumu miaka miwili. Halafu husubiri. Serikali hutoa mialiko kwa duru, ikianza na wenye alama nyingi katika kazi inazozitaka wakati huo. Katika fani zenye ushindani, kama vile uhasibu na teknolojia ya habari, wenye alama 65 wamesubiri hadi tamko likaisha muda. Anayealikwa ana siku 60 za kuwasilisha maombi kamili. Yeyote aliyeandika kwenye tamko alama asizoweza kuzithibitisha hupoteza mwaliko na ada pia.

Tathmini ya ujuzi ndiyo hatua ngumu

Kabla ya kujaza tamko, ujuzi wa mwombaji lazima upimwe na chombo cha Australia kinachohusika na fani yake. Wahandisi hupimwa na Engineers Australia, wataalamu wa kompyuta na Australian Computer Society, walimu na AITSL, wauguzi na ANMAC, mafundi wengi na Trades Recognition Australia, na fani nyingine nyingi huangukia kwa VETASSESS.

Rwanda si miongoni mwa nchi zilizotia saini Mkataba wa Washington, unaotambua shahada za uhandisi za nchi wanachama. Kwa hiyo mhandisi aliyesomea Rwanda huandika ripoti ya kuonyesha umahiri wake, yenye masimulizi matatu ya kazi alizofanya kwa mikono na akili yake mwenyewe. Ripoti za kununua mtandaoni hugunduliwa. Maombi hukataliwa, na mwombaji anaweza kuzuiwa kuomba tena kwa muda.

Mwalimu aliyesomea Rwanda hukutana na kikwazo cha lugha kilicho juu kuliko cha viza yenyewe: AITSL humtaka apate alama 8 za IELTS katika kuzungumza na kusikiliza, na 7 katika kusoma na kuandika. Muuguzi hukabiliwa na mitihani ya nadharia na ya vitendo, na ule wa vitendo hufanyika ndani ya Australia.

Ni vyema kukumbuka kwamba tathmini ya ujuzi si leseni ya kufanya kazi. Muuguzi huhitaji usajili wa AHPRA, mwalimu usajili wa jimbo, na fundi umeme leseni ya jimbo analohamia. Wapo waliopata ukaazi wa kudumu kisha wakakaa miezi mingi wakifanya kazi za usafi au ghala kwa sababu hatua hii ya pili hawakuijua mapema.

Hati kutoka Rubavu, na kutoka Goma

Maombi mengi hukwama kwa sababu ya karatasi. Waliosoma katika vyuo vya umma nchini Rwanda kabla ya mwaka 2013 wana vyeti vyenye majina ya taasisi ambazo hazipo tena, kwa kuwa mwaka huo ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwenye cheti cha KIST au cha Chuo Kikuu cha Taifa anafaa kupata mapema barua ya chuo inayoeleza mabadiliko hayo, pamoja na orodha kamili ya alama zake. Vilevile, Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, hivyo waliosoma kabla ya hapo wanaweza kuwa na hati za Kifaransa zinazohitaji mfasiri aliyeidhinishwa.

Barua ya mwajiri peke yake haitoshi kuthibitisha uzoefu. Wapimaji hutaka ushahidi wa mtu wa tatu, kama vile kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii katika RSSB, hati za kodi au taarifa za benki zinazoonyesha mshahara. Aliyelipwa mkononi kwa miaka mingi hujikuta na uzoefu wa kweli usiohesabika. Anayefikiria kuhama miaka mitatu ijayo anapaswa kuanza leo kupokea mshahara kupitia benki na kutunza mikataba yake.

Cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu hutolewa nchini Rwanda na mamlaka ya mashtaka kupitia jukwaa la Irembo. Australia hudai cheti hicho kutoka kila nchi ambako mwombaji ameishi jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Kwa mtu wa Gisenyi aliyewahi kusoma au kufanya kazi Goma akiishi huko, hilo lina maana ya cheti cha Congo pia. Katika hali ya sasa ya mji huo, hati hiyo inaweza kuwa ngumu kupatikana. Asiyeipata anatakiwa kueleza kwa maandishi na kuonyesha ushahidi wa juhudi alizofanya, wala asitafute hati ya kubuni. Kuwasilisha hati ya uongo kunaweza kumfungia mtu mlango wa viza kwa miaka mitatu.

Jamaa aliye Australia anaweza kufanya nini

Viza 491 ina tawi la udhamini wa familia, na hapa ndipo msikilizaji mwenyewe anapoingia. Mraia au mkaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi katika eneo linalohesabiwa kuwa la mikoani, anaweza kumdhamini jamaa yake, na udhamini huo huleta alama 15. Neno "mikoani" lisimpotoshe mtu: maeneo yote nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane yamo, ikiwa ni pamoja na Perth, Adelaide, Canberra, Hobart, Gold Coast, Newcastle na Geelong.

Jamaa wanaokubalika ni mzazi, mtoto, kaka au dada, babu au bibi, mjomba, shangazi, baba mdogo au mkubwa, mama mdogo au mkubwa, mpwa, na binamu wa kwanza, yaani mtoto wa ndugu wa baba au wa mama. Ndugu wa ukoo, wa kijiji au wa kanisa hahesabiki, hata kama wamelelewa nyumba moja.

Kuna jambo linalowakwaza hasa Wanyarwanda. Ndugu wa tumbo moja nchini Rwanda mara nyingi hawana jina la familia linalofanana, kwani kila mtoto hupewa jina lake. Afisa wa viza hawezi kuuona undugu kwa kusoma pasipoti mbili. Huthibitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa vinavyotaja wazazi, na kwa binamu vinahitajika vyeti vya vizazi viwili. Aliyefika Australia kama mkimbizi akumbuke pia majina na tarehe alizoandika kwenye maombi yake ya awali, kwa sababu tofauti yoyote itaulizwa.

Udhamini haumwondolei mwombaji masharti mengine. Bado atahitaji tathmini, Kiingereza na mwaliko, na mialiko ya tawi hili imekuwa michache.

Gharama

Ada ya viza 189 kwa mwombaji mkuu imezidi dola 4,700 za Australia tangu Julai 2024, sawa na zaidi ya faranga milioni 4 za Rwanda, na hurekebishwa kila tarehe 1 Julai. Mwenzi hulipiwa takriban nusu yake, na mtoto takriban robo. Mwenzi au mtoto mtu mzima asiyeweza kuonyesha Kiingereza cha msingi hutozwa malipo ya ziada ya karibu dola 4,900. Familia nyingi hulijua hili zikiwa zimechelewa, ilhali mafunzo ya lugha ya miezi kadhaa yangeliepusha. Ongeza tathmini ya ujuzi, mitihani ya lugha, uchunguzi wa afya, tafsiri na nauli.

Ada ya viza hairudishwi maombi yakikataliwa. Ndiyo maana jamaa wanaochanga pesa wanafaa kuyaona matokeo ya tathmini na ya mtihani wa Kiingereza kabla ya kuchangia hatua inayofuata.

Milango mingine kwa aliye Rubavu

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, humruhusu mfanyakazi kuomba kazi na kuikubali katika nchi nyingine mwanachama. Kibali cha kazi hutolewa mtu anapopata ajira. Hata hivyo, raia wa Rwanda na wa Kenya hawalipishwi ada ya kibali hicho katika nchi ya mwenzake, na wahandisi, wahasibu na wasanifu majengo wana makubaliano ya kutambuana sifa.

Ujerumani, tangu tarehe 1 Juni 2024, hutoa Chancenkarte, kibali cha hadi mwaka mmoja cha kwenda kutafuta kazi. Hudai elimu inayotambulika, Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2, na uthibitisho wa zaidi ya yuro 12,000 za kujikimu kwa mwaka. Mwenye kibali huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati akitafuta ajira kamili.

Kanada hutumia mfumo wa Express Entry ulioanza Januari 2015. Mnamo Machi 2025 iliondoa alama zilizokuwa zikitolewa kwa mwenye ahadi ya kazi, na tangu 2023 imekuwa ikialika kwa duru maalumu watu wanaojua Kifaransa vizuri. Kwa kizazi cha Gisenyi kilichosoma kwa Kifaransa, mlango huo unaweza kuwa karibu kuliko wa Australia.

Kujikinga na matapeli

Ndani ya Australia, anayetoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo lazima awe wakala aliyesajiliwa au mwanasheria. Kila wakala ana namba ya usajili yenye tarakimu saba, inayoweza kuhakikiwa bure kwenye daftari la mamlaka ya usajili wa mawakala, OMARA. Jamaa aliye Australia anaweza kuihakiki kwa dakika chache kabla ya mtu wa Rubavu kutuma hata faranga moja kwa simu.

Anayedai kuwa na "nafasi zilizotengwa", anayeahidi alama, anayeomba malipo ya tamko la nia ilhali halilipiwi, au anayekataa kumpa mteja nywila ya akaunti ya maombi yake mwenyewe, anafaa kuepukwa.

Baada ya kuwasili

Mwenye viza 189 hupata huduma ya afya ya Medicare tangu mwanzo, lakini kwa kawaida husubiri miaka minne kabla ya kustahili posho ya wasio na kazi. Miezi ya kwanza hutegemea akiba yake na jamaa waliompokea. Ni busara familia mbili, ile ya Gisenyi na ile ya Australia, zikakubaliana mapema kuhusu nani atalala wapi, kwa muda gani, na pesa za kurudisha deni zitaanza kutumwa lini.

Maelezo haya ni ya jumla na masharti hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji asome tovuti ya Idara ya Mambo ya Ndani ya Australia au amwone wakala aliyesajiliwa.